Maji safi kabisa: kihisi cha bombani au sampuli ya maabara?

Wanafunzi wa kemia hapa Malindi, waliozoea visima vyenye chumvichumvi, huuliza ni njia ipi bora ya kuchunguza maji yanayooshea chipu za kompyuta viwandani. Kihisi cha umeme kinachofungwa bombani ni nafuu, hakihitaji matunzo mengi na husoma bila kupumzika. Maji yakitakata kabisa, huonyesha ukinzani, yaani jinsi maji yanavyozuia umeme kupita, wa megaomu-sentimita 18.2 katika nyuzijoto 25 za Selsiasi. Hata hivyo, silika (madini yanayounda mchanga) na mabaki mengi ya kikaboni hukipita bila kuonekana, kwa kuwa hayapitishi umeme vyema, na hilo hunitia wasiwasi mkubwa kwa wanaokitegemea peke yake.

Spektromita ya tungamo ya maabara, mashine inayotenganisha atomi kwa uzito wake, hutambua metali hata zikiwa sehemu moja tu katika trilioni, ila ni ghali, hula gesi ya agoni, hudai mtaalamu, na majibu yake huchelewa. Tena chupa ya kioo cha kawaida huachia sodiamu na kuharibu sampuli. Anayelinda mtambo usiku na mchana atafaidika zaidi na kihisi, ilhali anayesaka metali iliyoharibu chipu hana budi kupeleka sampuli maabara.