Kebo ya nyaya tatu kati ya laptopu na VT220: uzoefu wangu

Kama unayo terminali ya DEC VT220 (skrini na kibodi za zamani za kutumia kompyuta kupitia waya) na unataka izungumze na laptopu ya leo, ushauri wangu ni huu: adapta ya USB nunua, kebo tengeneza mwenyewe.

Adapta yangu ina chipu ya FTDI FT232R. Kwenye Linux unaichomeka tu na inatokea kwa jina la ttyUSB0, haikudai draiva. Kabla hujatoa pesa hakikisha ni ile inayotoa volti za RS-232, kiwango cha mawasiliano ya waya ambacho terminali hizi zinatumia. Kuna vibao vya bei rahisi vyenye chipu hiyohiyo ambavyo mwisho wake ni volti 3.3 au 5. Terminali ya mwaka 1983 haitavielewa, na volti zake zinaweza kuviunguza.

Kwenye kebo ndiko kwenye maneno. Ile niliyouziwa dukani kwa jina la null modem, yaani kebo inayovusha waya wa kutuma upande mmoja uende kwenye wa kupokea upande wa pili, ilikuwa ya moja kwa moja: laptopu na terminali zote zinasema (zinatuma) kwenye waya mmoja na zote zinasikiliza kwenye mwingine. Plagi zake zimezibwa kwa plastiki, hata kuzifungua huwezi. Pesa ilipotea bure.

Ya kwangu ina plagi ya kike ya pini 9 upande wa adapta na ya kike ya pini 25 upande wa VT220. Nyaya ni tatu: 2 kwenda 2, 3 kwenda 3, na 5 kwenda 7, ambayo ndiyo ardhi. Wengi wamekariri kwamba 2 lazima ivuke kwenda 3. Hiyo ni kweli plagi zote mbili zikiwa na idadi moja ya pini. Hapa adapta inasikilizia pini 2, na VT220 inasemea pini 2, kwa hiyo namba zenyewe zimeshavukana.

Ukiwa na shaka, chukua mita. Washa terminali, weka waya mweusi kwenye pini 7, mwekundu kwenye 2. Pini inayosema, ikiwa imetulia, inakaa kwenye volti hasi. Inayosikiliza iko karibu na sifuri. Kipimo hiki nakiamini kuliko mchoro wowote.

Kwenye kulehemu, jaza kwanza lehemu kwenye kikombe cha pini, paka na ncha ya waya, kisha viyeyushe pamoja. Shikilia waya bila kutikisika mpaka lehemu igande.

Halafu bonyeza F3 kwenye terminali uingie Set-Up, menyu ya mipangilio, ukurasa wa Comm (mawasiliano). Weka kasi ya 9600 (biti kwa sekunde), biti 8, bila pariti (biti ya kukagua makosa), na chagua "EIA Port, Data Leads Only". Huu ndio mpangilio unaofanya nyaya tatu zitoshe. Ukiiacha kwenye Modem Control, terminali itasubiri ishara ambazo hakuna waya wa kuzileta. XOFF, ishara ya terminali kuiomba laptopu isubiri kidogo, iache kwenye 64; ukiizima, maandishi yakija kwa kasi herufi zinapotea.

Kwenye laptopu ni amri moja tu, ya kufungua mlango wa kuingia kupitia kebo: sudo agetty -L 9600 ttyUSB0 vt220. Neno "login" likatokea kwa rangi ya kaharabu, safi kabisa, na tangu hapo naandikia humo barua zangu zote. Hata mwendo wa 19200, ambao ndio mwisho wa VT220, kebo hii inaubeba bila kukosea herufi. Kwa chumba kimoja huhitaji waya wa gharama. Kiwango cha RS-232-C kinataja urefu wa hadi futi 50, karibu mita 15.