Kusoma man za seva ndani ya Emacs: uzoefu wangu na TRAMP

Wadau, kwa sisi tunaoshinda kwenye seva za Linux zilizo mbali huko, hii kitu naomba muijaribu: kusoma maelekezo ya seva yenyewe (zile kurasa za man zinazoeleza amri na mafaili ya mipangilio) ukiwa ndani ya edita kwenye laptopu yako, bila kufungua browza wala dirisha jingine la terminali. Mimi natumia edita ya Emacs na TRAMP, kifaa chake cha kufungua mafaili ya seva kupitia SSH, ambacho kinakuja humohumo ndani ya Emacs, hakuna cha kuinstoo. Unabonyeza C-x C-f (C ni Ctrl), unaandika /ssh:jina@seva:/etc/ssh/sshd_config na faili linafunguka kama liko kwako vile.

Sasa utamu wenyewe umekuja na Emacs 30 ya mwaka 2025. Wameweka kitu kinaitwa Man-support-remote-systems, kiweke t (yaani kiwashe) kwenye init.el, faili la mipangilio ya Emacs, halafu ukiwa ndani ya lile faili piga M-x man (M ni Alt), andika sshd_config, unaletewa ukurasa wa kwenye seva, siyo wa laptopu.

Hili ni jambo kubwa kwa sababu matoleo hayafanani jamani. Chukua PerSourcePenalties, ile ya kuwabana wanaobahatisha paswedi, imeingia kwenye OpenSSH (programu ya kuingilia seva kwa mbali) toleo la 9.8 mwaka 2024, ukigugo unaikuta imeelezwa vizuri kabisa, ila Linux ya Debian 12 ina OpenSSH 9.2 na hiyo kitu haiijui, ukiiweka halafu ukarestati, sshd (OpenSSH ya upande wa seva) inagoma kuwaka. Kwenye man ya seva hiyohiyo unatafuta kwa C-s, hujaiona basi ujue haipo, yameisha. Na wenye Mac ndo kabisa, sed yenu (amri ya kubadili maandishi kwenye faili) ni ya BSD, pale -i, ya kubadili faili lenyewe, inadai ipewe kiendelezi cha bakapu hata kiwe tupu, ya GNU kwenye Linux haidai, sasa unaandika skripti ya Linux huku unasoma maelekezo ya Mac, kwa nini ujitese?

Ninachopenda zaidi faili liko kushoto, man iko kulia, nakopi mstari napesti, na majina ya pale chini kwenye SEE ALSO ukiyapiga Enter yanafungua ukurasa mwingine wa hukohuko kwenye seva. Hata /usr/share/doc naingia naperuzi, README.Debian.gz Emacs inaifungua yenyewe.

Ila neti ikisuasua kwenye kukonekti utasubiri na Emacs inaganda kabisa, hapo vumilia tu. Kingine, kama seva ina zsh (shell, inayopokea amri zako) yenye prompti ya mbwembwe, TRAMP haijui amri imeisha saa ngapi, weka mstari huu juu kabisa kwenye .zshrc:

[[ $TERM == "dumb" ]] && unsetopt zle && PS1='$ ' && return

Na ukikuta seva ya Ubuntu iliyopunguzwa haina man kabisa, usihangaike na Emacs, zimeondolewa makusudi kuokoa nafasi, endesha sudo unminimize kwenye seva zinarudi.