Samaki wa pale Mbuyuni ni mtamu ila lile neno "asili" walitoe

Jumamosi nimepita kwenye kimgahawa kimoja cha samaki maeneo ya Mbuyuni hapa Moshi, nikaoda sato wa kukaanga na ugali, mzima 12,000, na kwakweli wanajua kukaanga, ngozi inavunjika kabisa afu nyama ndani bado ina maji yake, na ndimu na pilipili mbuzi hawabanii. Huduma chapchap.

Sasa ukutani wameandika "sato wa asili wa Victoria". Nikamuuliza dada anayehudumia asili kivipi, akasema kaka, maana yake hajafugwa bwawani. Nimemwelewa, ndo watu wanavyosema, ila mimi nimekulia Musoma na hilo neno linaniuma. Nikamwonyesha mkia wa yule samaki hapo kwenye sahani, ile mistari myembamba iliyosimama, nikamwambia huyu ni mgeni, ziwani aliletwa miaka ya 1950 kama sangara tu. Mwenyeji alikuwa ngege, na ngege siku hizi ziwa kubwa ni kama hayupo, amebaki kwenye viziwa vya pembeni huko.

Na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, je? Bibi yangu alikuwa anawaanika juu ya jiwe, jua linamaliza kazi. Walikuwepo aina kama 500, sangara alipojaa miaka ya 1980 akawafyeka, aina nyingi hazijaonekana tena mpaka leo, na sangara mwenyewe ana mafuta hakauki juani, lazima akaushwe kwa moshi wa kuni, basi na miti ikaenda. Simlaumu anayemuuza jamani, ada yangu ya sekondari ilitoka kwa huyohuyo sangara, ila ukweli usemwe.

Na msidhani ni mambo ya kanda ya ziwa tu. Hapo Ziwa Chala, Rombo, kuna perege ambaye asili yake ni humo tu, dunia nzima, na tayari wameingizwa perege wa kutoka kwingine, saa hizi wageni ndo wamejaa na yule mwenyeji yuko hatarini kupotea. Hilo watu wengi wa Moshi niliowauliza hawalijui kabisa.

Nawapa nyota 4. Andikeni "sato wa ziwani, hajafugwa", inatosha na mteja anaelewa. Dada kasema atamfikishia bosi, Jumamosi ijayo narudi kuangalia ule ukuta na kuonja perege wao wa bwawa la Nyumba ya Mungu, siku ile waliisha mapema.