Huduma ya kuchukua mabaki ya jipsamu: uzoefu wangu

Dari la chumba changu lilivujiwa na mvua hadi likaanza kubonyea, ikabidi lishushwe lote. Bajeti niliipigia hesabu ya bodi mpya, skrubu na fundi. Mabaki sikuyawazia. Jioni ya siku ya kwanza uani palikuwa na lundo lililonifika kifuani, na bodi moja nzima ya jipsamu inaweza kufika kilo 20 au zaidi ikiwa kavu. Iliyonyonya maji, watu wawili wanaihangaikia.

Wa kwanza kuja alikuwa mwenye pikapu. Alitaka kupakia kila kitu pamoja: bodi, matawi niliyokata, zulia lililooza. Nilipomuuliza anakwenda kumwaga wapi, akasema, "Hiyo niachie mimi." Sikumpa kazi. Taka zimetoka kwangu, na nchi nyingi humtaka mwenye taka ahakikishe aliyezibeba ana kibali. Zikikutwa mtaroni, mimi pia nitaulizwa.

Ndipo nikapata kampuni inayochukua jipsamu peke yake. Kabla ya kupanga siku, dada wa kwenye simu aliniuliza: bodi zimelowa? Zimegandiwa na vigae? Nyumba ni ya miaka gani? Nilipomwambia dari lilikuwa na urembo wa zamani wa kupakwa wenye mikwaruzo, alisimamisha mpango wote. Urembo wa aina hiyo, hata lipu ya kuzibia viungo vya bodi, zamani uliwahi kuchanganywa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi, na nyuzi zake zikiingia mapafuni nyingine hubaki humo miaka mingi. Akataka kipande kipimwe maabara kwanza. Siku zile za kungoja majibu nilikasirika. Majibu yalikuja safi, hasira ikaisha, ila nilijilaumu kwamba fundi wangu alishabomoa bila barakoa ya maana. Upimaji ule ulipaswa kutangulia nyundo.

Dereva alipofika nilimuuliza kwa nini wanaitenga jipsamu namna hii, kwani si jiwe tu? Akasema ni jiwe kweli, ndiyo jasi, lakini ndani yake mna salfeti, yaani chumvi yenye salfa. Ikifukiwa dampo pamoja na majani na mabaki ya chakula, mahali penye unyevu pasipo hewa, bakteria huigeuza kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi. Ndiyo ile ya kunuka mayai yaliyooza. Kinachonitisha ni kwamba ikiwa nyingi hukausha uwezo wa pua kuisikia, mtu akadhani imekwisha kumbe anaendelea kuivuta, na inaua. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya unataka jipsamu ifukiwe sehemu yake, isikutane na taka zinazooza. Kuichoma nako si njia: karatasi itaungua, jasi itabaki, na moto ukiwa mkali sana hutoa gesi ya salfa.

Zile kavu walizipeleka kiwandani. Huko karatasi hubanduliwa, skrubu hunaswa kwa sumaku, jasi husagwa, huchomwa kiasi cha nyuzi 150 ili sehemu kubwa ya maji yake itoke, kisha hurudi kuwa bodi. Jasi haichakai kwa kurudiwa. Hili lilinifurahisha kuliko yote.

Malalamiko ninayo. Walichelewa nusu siku nzima bila hata kupiga simu, na mafundi wangu walikaa bure. Mifuko waliyoniletea mapema ni myepesi mno, mmoja ulipasuka na vumbi likatapakaa hadi jikoni. Kazi ya kutenganisha vilivyolowa na vikavu pia waliniachia mimi, na hawakunitajia hadi siku yenyewe.

Lakini waliupima mzigo mbele yangu, wakanipa karatasi yenye uzito, namba ya kibali chao na jina la kiwanda unakokwenda. Kwa karatasi hiyo pekee ningewaita tena. Ningewapa nyota nne kati ya tano.

Vipande vilivyolowa bado viko barazani, chini ya paa, juu ya mbao ili visinyonye unyevu wa sakafu. Wamesema vikikauka bila kuota ukungu watavichukua, vyenye ukungu vitakwenda kufukiwa kwenye shimo la jipsamu. Mpaka leo naona vitatu vimeshaanza madoa meusi.