Taa za sola za kuvulia dagaa: maoni yangu kwa waliochoshwa na bei ya mafuta

Wakuu, kila nikipita soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, watu wananiuliza zile taa za sola tunazovulia dagaa huku Igombe ni nzuri au kimeo, sasa naandika kwa kirefu ili na wa Kayenze na Ukerewe wasome. Zinafaa, nunueni, ila kuna vitu vya kukagua kabla hujatoa hela.

Asiyejua kazi yetu: usiku wa giza tunashusha taa juu ya maboya, dagaa wanajikusanya kwenye mwanga ndio tunawazungushia nyavu. Enzi za karabai kila taa ilikuwa inakunywa lita na ushee ya mafuta ya taa kwa usiku mmoja, na mtumbwi hauna taa moja, hapo bado petroli ya mashine ya kwenda na kurudi. Asubuhi mkiuza, hela ya mafuta ndio inatolewa ya kwanza kabla ya mtu yeyote, kinachobaki ndio tajiri mwenye mtumbwi na vijana mnagawana, na kuna asubuhi kijana kakesha ziwani anapigwa baridi halafu anaondoka na dagaa wa kitoweo tu. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Na bei yenyewe hatuna kauli nayo. EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Mwanza tunalipa zaidi ya Dar kwa sababu mzigo ukishuka bandarini lazima upandishwe huku zaidi ya kilomita elfu moja. Mafuta ya taa ndio usiseme, tangu 2011 serikali ilipopandisha kodi yake ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, yaani kuichanganya na mafuta ya taa (na uchakachuaji ulikuwepo kweli, injini nyingi zilikufa) mvuvi wa karabai akalipia kosa la watu wa malori. Ikaja 2022, vita ya Ukraine, mwezi wa nane petroli Dar ikafika 3,410 kwa lita, na hapo serikali tayari inaweka ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi. 2023 dola zikawa adimu na sheli nyingi zikakauka. Hapo ndio nilielewa vizuri kwamba mafuta yanaweza yakawepo duniani na nchi yako ikayakosa, kwa sababu yananunuliwa kwa dola na dola zenyewe tunazipata kwa kuuza dhahabu, korosho, minofu ya sangara na utalii.

Wengi wanaona uhaba wa mafuta ni foleni ya bodaboda sheli basi. Hapana jamani. Mafuta yakipanda mtumbwi mmoja unabaki nchi kavu, dagaa wanapungua mwaloni, mama anayeanika anapata mzigo kidogo kwa bei kubwa, lori la kupeleka dagaa Congo linaongeza nauli, na mfugaji wa kuku naye anapandishiwa chakula maana kina dagaa ndani. Kitu kimoja kinapanda wanaumia watu ambao hata gari hawana. Na visima vinaisha pia, Indonesia walikuwa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta nje, tangu 1962, uzalishaji ukashuka matumizi yakapanda, wakageuka wanunuzi na 2008 wakatangaza kujitoa. Kama aliyekuwa muuzaji anafika huko, sisi ambao kila lita inatoka nje tunasubiri nini?

Sasa taa yenyewe. Ni boksi la plastiki, betri ndani, balbu za LED juu, unachajisha kwa paneli mchana. Mwanga umetulia, hauyumbi upepo ukija. Karabai ilikuwa wimbi dogo tu likirukia kioo cha moto, pah, kimepasuka, na hapo umeshapoteza mzunguko mmoja wa kuvua. Kingine ambacho sikukitegemea ni harufu, dagaa wa siku hizi hawanuki mafuta ya taa kabisa na wanunuzi hawana tena sababu ya kukukata bei.

Ubaya upo. Taa za kwanza nilinunua duka moja mjini, muuzaji ananihakikishia maji hayaingii, kumbe ule mpira wa kuzibia kifuniko ni mwembamba kama kamba ya kiatu, baada ya muda mfupi sehemu ya kuchajia ikaota kutu na taa mbili zikafa. Nikarudi na risiti yangu, naambiwa waranti haihusu maji. Taa ya ziwani! Nilizonunua baadaye duka lingine ni ghali zaidi ila zina mpira mnene na skrubu zisizoshika kutu, hizo ndio ninazozisifia hapa. Masika nako mawingu yakikaa siku nzima hazijai, mnalazimika kupeleka kwenye umeme.

Na msidanganywe kwamba ukinunua taa umemalizana na sheli, mashine bado inataka petroli yake na hiyo ndio gharama kubwa iliyobaki. Lakini bei ikipanda mwezi huu, upande wa taa haunigusi, na mgao wa vijana umenenepa kweli, wenyewe ndio wanaozifuta na kuzianika juani bila kuambiwa.

Nazipa nne kwa tano. Ukienda dukani fungua kifuniko uone mpira, uliza betri yake inauzwa peke yake au mpaka ununue taa nzima, maana betri ndio itakayochoka kwanza, na kama muuzaji hana betri za akiba nenda duka la pili. Mnunue mbalamwezi ikiwa bado ipo ili mzijaribu nyumbani kwanza, giza likianza kila mtu anakimbilia mjini na bei inapanda.