Tahadhari kwa wanaojiundia kompyuta: bodi uliyoonyeshwa ikiwaka siyo uliyofungiwa

Ndugu zangu mnaonunua vipuri vya kompyuta katikati ya jiji la Nairobi, someni hii kabla hamjatoa pesa. Kuna muuzaji katika mojawapo ya eksibisheni, yale majengo ya vibanda vya maduka, za upande wa barabara ya Luthuli anayewasha bodi moja mezani (mazabodi, ile sahani ambayo vipuri vyote vya kompyuta huchomekwa) na kukufungia nyingine kwenye boksi. Ukirudi kulalamika kwamba skrini ni nyeusi, harudishi pesa, anakuuzia kitu cha pili. Kwetu amechukua shilingi 30,000 kwa njia hiyo, na pesa zenyewe hazikuwa zangu. Jina la duka silitaji kwa sababu nimeshapeleka madai mahakamani, lakini mbinu yake nitaieleza yote, maana unaweza kukutana nayo kwenye kaunta yoyote.

Pesa zilikuwa za dada yangu. Anauza nguo za watoto Gikomba, na zamu yake ya chama ilipofika alisema, "Hizi ni za kompyuta ya kijana." Mpwa wangu anasomea utengenezaji wa katuni za video na kazi zake alikuwa anazifanyia saiba, akilipia kila dakika. Kasha, pawa saplai, SSD ya kuhifadhia mafaili na kipande kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda) cha 8GB tulikuwa tumenunua pole pole. Kilichobaki ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na mazabodi.

Muuzaji alitupokea vizuri sana. "Mkubwa, mzigo umeingia jana, na nakuwashia hapa hapa uone." Alitoa prosesa ya Intel i5-10400F kwa shilingi 11,000 na bodi ya H510 kwa 9,500. Nilimuuliza mbele ya mpwa wangu kama vitu hivyo viwili vinatosha kutoa picha kwenye skrini. Akajibu, "Inawaka tu, wewe chomeka HDMI." Kisha akaweka prosesa yetu kwenye bodi iliyokuwa imelala wazi mezani, akawasha, na picha ikatokea. Mpwa wangu alichukua video fupi kwa simu ili amwonyeshe mama yake. Shikeni hiyo video akilini.

Baada ya hapo akaitoa prosesa, akainama chini ya kaunta na kuibuka na boksi lililofungwa kwa plastiki. Alisema ile ya mezani ni ya kuonyesha wateja, yetu ni mpya kabisa, haijaguswa. Nikalipa kwa till, ile namba ya M-Pesa ya duka, tukapanda matatu.

Usiku tuliunda kwa utulivu, sakafu imepanguswa, kijana ameshika bodi kwa kingo zake kama alivyojifunza. Tukawasha. Feni zote zikazunguka, taa ya kasha ikawaka, na skrini ikaandika kwamba hakuna mawimbi. Tulibadilisha kebo. Tukajaribu skrini ile ile kwa laptopu ya jirani, ikafanya kazi. Tulihakikisha waya wa prosesa wenye pini nane, ule unaochomekwa kona ya juu ya bodi na ambao wengi huusahau, umeingia hadi mwisho. Tukaihamisha RAM kutoka nafasi moja hadi nyingine, tukaisukuma mpaka vishikizo vikalia. Tukazima umeme, tukatoa ile betri ya mviringo ya CR2032 kwa dakika kadhaa ili mipangilio ya BIOS, programu ya ndani ya bodi, ijifute. Giza lile lile.

Kijana ndiye aliyegundua jambo ambalo lingetuokoa laiti ningelipa uzito. Pembeni mwa bodi kuna vitaa vinne vidogo kama punje za mtama, vimeandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (picha) na BOOT (kuanza kwa mfumo). Kila unapowasha, bodi hukagua vitu hivyo kwa zamu, na kitaa cha kitu kilichoikwamisha hubaki kinawaka. Chetu kilibaki kwenye DRAM. Maana yake bodi ilikwama kwenye kumbukumbu, na suala la picha ilikuwa hata haijalifikia.

Kesho yake tukarudi. Muuzaji hakuangalia kitaa chochote. Alisema, "Hii prosesa ni ya F, lazima uwe na kadi ya picha." Na hapo alisema kweli, jambo ambalo siku ya kwanza alilificha. Prosesa za Intel zinazoishia na herufi F hazina sehemu ya picha ndani yake, kwa hiyo tundu la HDMI lililo kwenye bodi haliwezi kutoa chochote hata kila kitu kingine kiwe kizima. Kwa AMD pia kuna hali kama hiyo: Ryzen 5 3600 na 5600 hazina picha, 5600G inayo. Nilikuwa nimemuuliza swali hilo hilo waziwazi, naye akaniambia nichomeke HDMI. Sasa alikuwa na kadi tayari mkononi, "GTX 1050 Ti, 4GB, ex-UK, nakufanyia 9,500," yaani iliyotumika Uingereza. Safari hii akasema till ina shida, nitume kwa namba ya simu aliyonitajia. Nilituma. Jina lililokuja kwenye ujumbe wa M-Pesa halikuwa la duka.

Hapa ndipo ninapotaka kila anayesoma asimame kidogo. Kitaa kikiwa kwenye DRAM, kadi ya picha haiwezi kuwa dawa. Fundi yeyote wa kaunta ile analijua hilo. Aliniuzia dawa ya ugonjwa mmoja akijua ninaumwa mwingine.

Tukafunga kadi. Skrini nyeusi. DRAM bado.

Mara ya tatu tulipeleka kompyuta nzima. Aliifungua mwenyewe, akaitoa prosesa, akamulika soketi kwa simu na kusema kwa sauti ya kusikika hadi maduka ya jirani, "Pini zimekunjwa. Mmekunja nyinyi. Huyu kijana ana mkono mzito." Kwenye prosesa za Intel za aina hii pini hazipo kwenye prosesa bali kwenye bodi, 1,200 kwa jumla, nyembamba sana, na ni kweli mtu asiye mwangalifu anaweza kuziharibu. Ndiyo maana shutuma hiyo inauma na ni ngumu kuijibu. Akaonyesha maandishi chini ya risiti kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, kisha akataka 3,500 za kunyoosha. Mpwa wangu hakusema neno kuanzia Luthuli hadi nyumbani. Aliamini ameharibu pesa za mama yake. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijaweza kuisamehe.

Sikulipa. Nilimpelekea fundi wa simu mmoja Kayole mwenye hadubini ya kazi, akaniita nitazame mwenyewe. Pini nzima zote huinama upande mmoja na kumetameta kwa mistari iliyonyooka, kama nyasi zilizolazwa na upepo. Mahali palipoharibika mng'ao unakatika. Tuliona pini mbili zimelala juu ya jirani zao na moja haipo kabisa, imebaki kishina. Halafu akanionyesha kilichonipa amani. Kwenye kona ya soketi, chini ya pini, kulikuwa na pesti nyeupe, ile inayopakwa juu ya prosesa kupitisha joto, iliyokauka hadi kupasuka. Pesti tuliyopaka sisi ilikuwa ya kijivu na bado mbichi. Kuzunguka matundu ya skrubu kulikuwa na mikwaruzo ya duara, alama za bodi iliyowahi kufungwa na kufunguliwa mara nyingi. Karibu na pini zilizolala kulikuwa na mabaki ya flaksi, dawa ya kulehemu, kwa hiyo kuna mtu alishajaribu kuitengeneza. Bodi "mpya kabisa" ilikuwa na maisha yake kabla yetu.

Nilimpigia kijana simu pale pale. Nilimwambia, "Si wewe." Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Anko, ngoja nitafute ile video."

Kwenye video, ukiisimamisha, unaona mambo mawili. Kwanza, bodi ya mezani ina kadi ya picha iliyochomekwa, ndiyo maana prosesa ya F ilitoa picha siku ile. Sisi tulitazama skrini tu. Pili, kibandiko chenye nambari ya seriali kinasomeka tarakimu za mwisho, na hazilingani na za bodi tuliyobeba.

Fundi alizinyoosha zile mbili kwa sindano, kwa 1,500. Nafasi moja ya RAM ilifufuka, nyingine imekufa kwa sababu ya pini iliyokatika. Kitaa cha DRAM kikazima, na sasa kikawaka cha VGA. Akatoa kadi kwenye kompyuta yake mwenyewe akaweka kwetu: picha ikaja papo hapo. Akarudisha yetu: giza. Akarudisha yake tena, akaingia kwenye BIOS akawasha kipengele cha CSM, kinachoruhusu vifaa vya zamani, ndipo kadi yetu ikatoa picha. Hilo likamtia shaka, kwa sababu GTX 1050 Ti halisi ilitoka 2016 na haihitaji kubembelezwa hivyo. Tukachomeka diski yake yenye Windows na kufungua programu ya GPU-Z, ambayo ni ya bure. Mbele ya jina la kadi iliandika kwamba ni bandia. Chipu ilikuwa GF116, ya GTX 550 Ti ya 2011, na vitengo vya hesabu vilikuwa 192 badala ya 768. Mtu alibadilisha programu ya ndani ya kadi ili ijitambulishe kwa jina la mdogo wake.

Ukinunua kadi inayoitwa 1050 Ti, itazame nyuma kabla ya kufungua pochi. Yetu ilikuwa na tundu la bluu la VGA, la kebo za skrini za zamani. Kizazi hicho cha NVIDIA kiliacha kabisa kutoa picha za VGA, kwa hiyo tundu hilo peke yake linatosha kukufanya uirudishe kaunta. Pia yetu ilidai waya wa ziada wa pini sita, wakati nyingi za kweli hujitosheleza kwa umeme wa bodi.

Kuhusu bodi, ombi langu ni moja na msione haya kulisisitiza: iwashwe ile ile utakayobeba. Boksi lifunguliwe mbele yako. Kifuniko cha plastiki cha soketi kitolewe, umulike pini kwa tochi ya simu kutoka pembe mbili tatu, uchukue video inayoonyesha pini na nambari ya seriali bila kukatwa, sauti ya muuzaji ikiwemo. Kisha iwekwe prosesa yako na RAM yako, na kila nafasi ya RAM ijaribiwe. Uliza, picha inatoka kwenye tundu la bodi au la kadi? Akikuambia kufungua boksi kunaondoa waranti, mwachie boksi lake. Lipa kwa till ya duka na si namba ya mtu, na risiti iandike aina na seriali, siyo "motherboard 1" kama yangu.

Yale maneno ya "mali ikiuzwa hairudishwi" yasiwatishe. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Mimi nimefungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, wakili si lazima, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nimepeleka video, picha za hadubini, jumbe za M-Pesa na kadi yenyewe. Msiitupe wala kuiuza kadi bandia mkigundua, hata kama mnahitaji pesa. Ukimuuzia mwenzako umemhamishia kilio.

Kwa sasa kijana anafanya kazi na nafasi moja ya RAM na kadi ya kuazima. Kama nawe ulinunua bodi upande ule ukaambiwa umekunja pini, hasa ikiwa ni H510 na kuna pesti nyeupe kavu pembeni mwa soketi, tafadhali niandikie kwa faragha. Nahitaji tarehe uliyonunua na picha ya kibandiko cha seriali. Watu wawili wameshanitumia zao.