NBC mbili, CBS mbili, antena moja: tathmini kutoka North Laurel, Maryland

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asipoteze muda. Kama unaishi katikati ya Washington na Baltimore, nunua antena inayopokea mawimbi mbele na nyuma, uifunge darini, kisha usitishe kile kifurushi cha chaneli za nyumbani unachokatwa kila mwezi. Yangu ilinigharimu dola 45 pamoja na waya. Hakuna king'amuzi, hakuna ada. Hapa Marekani runinga yenyewe ndiyo inayonasa na kufungua mawimbi, jambo ambalo mama yangu kule Tanga hataki kuliamini. Kwake yeye, runinga isiyo na king'amuzi ni kabati la kioo.

Sasa kwa wenye muda. Miji hii miwili imetengana maili kama 40, na kila mmoja una vituo vyake vya mitandao ile ile minne mikubwa ya runinga ya kitaifa. Washington wana NBC kwenye 4, Fox kwenye 5, ABC kwenye 7 na CBS kwenye 9. Baltimore wana ABC kwenye 2, NBC kwenye 11, CBS kwenye 13 na Fox kwenye 45. Sisi wa North Laurel tupo kaunti ya Howard, ambayo Nielsen, kampuni inayopima watazamaji wa runinga, wameiweka katika soko la Baltimore. Ukivuka tu mto Patuxent, ambao si mto wa kutisha, umeingia kaunti ya Prince George's, na kwa hesabu za runinga uko Washington. Kampuni tuliyokuwa tunailipa kwa ajili ya runinga ya intaneti iliangalia anwani yetu ikatupa Baltimore peke yake. Tuliomba tuongezewe za Washington, kwa kuwa Baba Neema anafanya kazi huko na jioni anataka kujua hali ya barabara za huko. Jibu likawa hapana, hata kwa kuongeza pesa. Mawimbi hayaulizi anwani.

Je, kuna faida ya kuwa na NBC mbili? Kwa sehemu kubwa ya siku, hakuna, na atakayekuambia umepata chaneli mara mbili anakudanganya. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa tano, 4 na 11 zinaonyesha tamthilia ile ile, sekunde ile ile, na 9 na 13 vivyo hivyo. Ndiyo maana hata sheria inakipa kituo cha nyumbani haki ya kuitaka kampuni ya kebo ikifunike kipindi hicho hicho kinapokuja kupitia kituo cha jirani. Mpira wa Kimarekani wa NBC wa Jumapili usiku nao ni mmoja tu nchi nzima, kwa hiyo hapo 11 inarudia 4 na basi.

Utamu uko saa za vipindi vya wenyeji. Chukua taarifa ya habari. Daraja la Francis Scott Key la Baltimore lilipogongwa na meli na kuanguka usiku wa manane wa kuamkia tarehe 26 Machi 2024, Baba Neema alikuwa bado anaendesha lori la mizigo la kwenda Dundalk. Washington nao waliionyesha habari hiyo asubuhi nzima, lakini kwa jicho la taifa: Ikulu imesema nini, bandari ina uzito gani kwa uchumi. Nilichokitaka mimi ni kujua mume wangu apite wapi. Chaneli za Baltimore ndizo zilizokuwa zinarudia bila kuchoka kwamba magari yatumie mahandaki mawili ya chini ya bandari, na kwamba lori lenye mzigo wa hatari haliruhusiwi humo, lizunguke barabara ya 695 upande wa magharibi. Hiyo ndiyo habari ya kwangu.

Hali ya hewa ni hivyo hivyo. Kwenye ramani ya Washington sisi tuko kule juu kulia, na katikati wamekaa Fairfax na Arlington. Kwenye ya Baltimore tuko chini kushoto, katikati yupo Towson. Dhoruba ikija natazama zote mbili, maana kila mtabiri anajali zaidi watu wa katikati ya ramani yake. Na kuna neema nyingine ambayo sikuitegemea. Mwaka 2025 Virginia walipokuwa wanachagua gavana, chaneli za Washington zilijaa matangazo ya wagombea ambao mimi mkazi wa Maryland siwezi kuwapigia kura hata nikitaka. Nilihamia 11 na 13 mpaka uchaguzi ukapita. Huko nilikutana na matangazo ya mawakili wa ajali na wauza magari, lakini angalau hao wanazungumza na mimi.

Wapenzi wa mpira wa Kimarekani, hapa ndipo penu. Ravens ni wa Baltimore. Commanders wanajiita wa Washington ingawa uwanja wao uko Landover, ndani ya Maryland. Wiki nyingi mechi ya Ravens utaiona pande zote mbili, kwa hiyo tofauti haionekani. Inaonekana siku timu zote mbili zinapocheza saa saba mchana kwenye mtandao mmoja. Hapo Fox 5 inachukua Commanders, Fox 45 inachukua Ravens, na nyumba yenye mashabiki wa pande mbili inapona. Kwetu Baba Neema ni Commanders, mdogo wangu ni Ravens. Rimoti nimeificha mara kadhaa.

Jirani yetu mmoja, mzee wa kuzaliwa Baltimore, husema mambo haya ya nani ni wa mtandao gani hayana mizizi. Anakumbuka Januari 1995, ambapo chaneli zote tatu za zamani za mji wake zilibadilishana mitandao kwa mkupuo: 13 ikaacha ABC ikaenda CBS, 11 ikatoka CBS ikaenda NBC, na 2 ikatoka NBC ikachukua ABC. Wenye 13, kampuni ya Westinghouse, walikuwa wamefunga mkataba na CBS, na wengine wakalazimika kusogea. Mzee hakuhama. Anaangalia 13 tangu Oprah Winfrey alipokuja pale kijana, mwaka 1976, na nadhani hata wakionyesha bahari tupu ataangalia. Mimi nina jambo dogo linalonifurahisha: NBC wenyewe wanaimiliki 4 ya Washington lakini 11 ya Baltimore ni ya watu wengine, na CBS wamefanya kinyume, wanaimiliki 13 ya Baltimore na 9 ya Washington si yao.

Runinga ya umma ndiyo iliyonishangaza. WETA wa Washington na Maryland Public Television wote ni wa PBS, mtandao wa runinga ya umma, lakini hawapangi vipindi sawasawa. Ukikosa filamu ya wanyama huku, huenda ukaikuta kule siku nyingine. WETA wana chaneli nzima ya vipindi vya Uingereza, na katuni za watoto zipo pande zote. Kama kurudiwa kwa mtandao kuna maana mahali popote, ni hapa.

Sasa antena yenyewe. Kutoka kwetu minara ya Baltimore iko kaskazini-mashariki na ya Washington kusini-magharibi, yaani karibu mgongo kwa mgongo. Antena nyingi za darini zina wavu wa chuma nyuma unaozuia mawimbi ya upande huo. Kwa mtu wa mjini ni jambo zuri, kwetu ni hasara. Tuliufungua wavu, antena ikawa inasikia pande zote mbili, tukaacha kuizungusha. Kabla ya hapo ilikuwa kama utotoni, mmoja juu ya dari na mwingine sebuleni anapiga kelele, "Hapo hapo, usiguse!"

La pili, msinunue zile nyembamba za kubandika dirishani. Tangu matangazo yahamie dijitali tarehe 12 Juni 2009, vituo vingi vinatumia masafa ya UHF, yaani ya mawimbi mafupi, na namba unayoiona kwenye skrini si lazima iwe masafa yenyewe. Chaneli 2, kwa mfano, iko UHF. Lakini 7, 9, 11 na 13 zimebaki VHF, na mawimbi yake ni marefu, yanataka vijiti virefu. Yetu ilikuja na vijiti viwili vya kuchomeka pembeni ambavyo mdogo wangu alitaka kuvitupa akidhani ni mabaki ya boksi. Bila vijiti hivyo unapoteza CBS zote mbili kwa mpigo.

Kasoro ipo. Ndege zikipita chini kuelekea uwanja wa BWI, 9 huganda picha, na mvua kubwa nayo huiyumbisha. Hatupati chenga za zamani za kuvumilia. Ama picha ni safi kabisa ama imekatika. Viunganishi vya waya vilivyokuja na antena yangu vilikuwa vya ovyo, nikanunua vingine.

Nyota nne. Mkaaji wa Silver Spring asijisumbue kufungua wavu, Washington iko mlangoni na Baltimore atakayoipata ni ya kubahatisha. Columbia, Bowie na Laurel zote mbili, yetu ya North na ile ya ng'ambo ya mto, jaribuni. Ukimaliza kufunga, iamuru runinga itafute chaneli upya, na urudie usiku, maana mchana wangu ulinipa vituo pungufu.